Kompyuta Ikizimika Ovyo, Chunguza Umeme Kabla ya Kupiga Windows

Maombi ya leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, cheti cha kuzaliwa kupitia RITA na mkopo wa elimu ya juu kupitia HESLB hujazwa mtandaoni, na kwa wakazi wengi wa kata kazi hiyo hufanyika katika steshenari ya jirani au kwenye kompyuta ya mezani iliyopo nyumbani. Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, kisichohifadhiwa hupotea. Ikizoea kuzimika, mwenyewe huibeba kwa fundi, fundi hupiga Windows upya, na mara nyingi picha, barua na hesabu za miaka kadhaa hufutika katika zoezi hilo. Kisha kompyuta hurudishwa, huchomekwa kwenye soketi ileile, na huzimika tena. Ugonjwa haukuwa ndani yake, ulikuwa ukutani.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania hupaswa kuwa wa volti 230. Ndani ya kompyuta ya mezani mna kisanduku kiitwacho pawa saplai, ambacho huupokea umeme huo na kuupunguza ili vifaa vya ndani viutumie. Akiba yake ni ndogo mno: umeme wa ukutani ukikosekana, huweza kuiweka kompyuta hai kwa takribani milisekunde 16, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana taa huweza kufifia tu na feni ikaendelea kuzunguka, ilhali kompyuta imezimika na kuanza kujiwasha upya. Kompyuta mpakato yenye betri nzima haipatwi na mkasa huu, kwa kuwa betri hushika kazi papo hapo.

Jambo la kwanza la kutazama ni kibandiko cha pawa saplai. Kikiandikwa 100–240V, kifaa hicho huvumilia umeme mdogo. Kikiandikwa 200–240V, umeme ukishuka hadi volti 180 jioni, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, kompyuta huweza kuzimika, hata ikiwa mpya.

Hatua inayofuata haihitaji fundi. Mwananchi aweke daftari karibu na kompyuta, aandike saa ya kila tukio na kilichokuwa kikiendelea: pampu ya maji imewashwa, jirani anachomelea vyuma, taa zimecheza. Katika Windows ipo programu iitwayo Event Viewer, ambayo huorodhesha matukio pamoja na saa zake. Tukio la Kernel-Power namba 41 huonyesha kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Halimtaji aliyeizima, na ni kosa kulichukulia kuwa ushahidi wa ubovu wa pawa saplai. Saa hizo zikilingana na za daftari, mtuhumiwa ni umeme. Kinyume chake, skrini ya bluu yenye maandishi ya kosa, au kuzimika kila baada ya dakika kadhaa za kazi nzito huku taa zikiwa tulivu, huelekeza kwenye kumbukumbu, diski au joto. Hapo ndipo fundi kompyuta anapohitajika.

Kipimo kingine ni kuihamishia kompyuta nyumba nyingine kwa siku mbili au tatu. Ikitulia huko, mtu aanze na ekstensheni. Ekstensheni iliyobeba friji, pasi na kompyuta kwa pamoja hulegea ndani, hupata moto, na plagi yake huanza kuwa nyeusi. Hiyo si hatari kwa kompyuta pekee, kwani nyumba huungua kwa njia hiyo.

Ipo dalili moja isiyosubiri daftari. Baadhi ya taa zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida huku nyingine zikififia, huenda waya wa nyutro umekatika au umelegea. Katika hali hiyo umeme unaofika kwenye baadhi ya soketi huweza kupanda hadi kukaribia volti 400. Swichi kuu izimwe mara moja, na taarifa itolewe TANESCO.

Madukani huuzwa vifaa vitatu ambavyo wanunuzi huvichanganya. Stabilaiza hurekebisha volti zinazopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo huzimika. Kilinzi cha friji hukata umeme unapoyumba na kuurudisha baada ya dakika chache; kinaifaa friji, ila kwa kompyuta chenyewe huwa chanzo cha kuzimika. UPS ndiyo yenye betri, na ndiyo inayompa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe humo, kwa sababu huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya UPS kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto huufupisha umri huo. Ili kuipima, hifadhi kazi zote kisha chomoa plagi ya UPS ukutani: kompyuta ikizimika papo hapo, betri imekwisha.

Ikiwa ni lazima kompyuta iende kwa fundi, aambiwe waziwazi anakili mafaili kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Diski iliyozimwa ghafla mara nyingi huweza kukaguliwa kwa amri ya chkdsk bila kufuta kitu.

Kuhusu nani wa kuitwa, nyaya za ndani baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, na kazi hiyo afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kasoro iliyopo kwenye mita, nguzo au laini huripotiwa TANESCO. Anayeripoti awe na namba ya mita yake ya LUKU, ataje mtaa au kijiji chake, aeleze iwapo majirani nao wameathirika, na asome zile saa alizoandika kwenye daftari.