Seva Inapokataa Kuanza: Kusoma Kabla ya Kutengeneza

1. Utangulizi

Vyuo vikuu vingi siku hizi huhifadhi tasnifu, ripoti na majarida yao katika maktaba za kidijitali. Mojawapo ya programu zitumiwazo kwa kazi hiyo ni DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard. DSpace haisimami peke yake. Sehemu yake ya ndani, ile inayotunza na kutoa maandishi, kwa kawaida huendeshwa na seva ya programu za wavuti iitwayo Apache Tomcat. Seva hiyo isipoanza, mlango wa maktaba nzima umefungwa: mwanafunzi anayetafuta tasnifu haipati, na mwalimu hawezi kuweka kazi mpya.

Jambo hilo likitokea, watu wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kusimika upya. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, seva iliyokataa kuanza mara nyingi imekwisha kuandika sababu yake, na kazi ya kwanza ya msimamizi ni kuisoma. Pili, kufuta bila kusoma kunaweza kupoteza maandishi yenyewe, wala si seva tu. Tutatumia mfano wa Tomcat, na pale inapofaa tutagusia GlassFish na WildFly, ambazo ni seva za ukoo huohuo wa Java.

2. Nini hasa hakikuanza?

Msemo "haifunguki" hauelezi kitu. Hatuna budi kutenganisha mambo manne: kompyuta yenyewe, seva (yaani mchakato wa Java unaoendeshwa ndani ya kompyuta hiyo), programu iliyowekwa ndani ya seva, na konsoli ya usimamizi ambayo msimamizi huitumia kuiamuru seva. Kimoja chaweza kufa huku vingine vikiwa hai.

Jibu linaloonekana katika kivinjari husaidia kuvitofautisha:

(a) Kivinjari kikisema papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, maana yake kwa kawaida ni kwamba kompyuta ipo, lakini hakuna mchakato unaosikiliza katika poti hiyo. Tomcat husikiliza katika poti 8080, isipokuwa msimamizi ameibadilisha.

(b) Kivinjari kikingoja muda mrefu bila jibu, tushuku mtandao au ngome inayozuia mawasiliano. Huenda pia seva imeelemewa.

(c) Jibu la 404 huonyesha kwamba kuna seva inayojibu, ila haina kitu katika anwani iliyoombwa. Huenda programu haikuanza, au anwani imekosewa.

(d) Jibu la 401 au 403 huonyesha kwamba seva i hai na inamkatalia aliyebisha hodi.

Hilo la mwisho ndilo linalowapotosha wengi kuhusu konsoli. Konsoli ya Tomcat, iitwayo Manager, husimikwa bila mtumiaji yeyote mwenye ruhusa ya kuiingia. Ni lazima msimamizi aandike jina, neno la siri na jukumu liitwalo manager-gui katika faili tomcat-users.xml, kisha aianzishe seva upya. Zaidi ya hayo, katika matoleo ya sasa konsoli hiyo hukubali maombi yanayotoka katika kompyuta ileile tu. Konsoli ya WildFly, katika poti 9990, nayo husikiliza ndani ya kompyuta yake tu hadi iamriwe vingine. Ile ya GlassFish, katika poti 4848, humkatalia anayeijia kutoka mbali mpaka amri enable-secure-admin itolewe.

Katika hali hizo hakuna kilichoharibika: mlinzi anafanya kazi yake. Dawa yake si kuifungulia konsoli dunia nzima, kwa kuwa anayeimiliki konsoli anaimiliki seva. Ni afadhali msimamizi aingie katika kompyuta kwa njia ya SSH, na kuifikia konsoli kupitia njia hiyo.

3. Jinsi ya kusoma daftari la matukio

Tomcat huandika matukio yake katika folda iitwayo logs. Faili catalina.out hupokea yale yanayotamkwa na seva yenyewe. Faili ambazo majina yao huanza kwa localhost hupokea malalamiko ya programu zilizomo ndani. Katika GlassFish na WildFly tutatafuta faili server.log. Endapo seva huanzishwa na mfumo wa Linux wenyewe, amri journalctl nayo huonyesha yaliyosemwa.

Anayelifungua daftari hilo kwa mara ya kwanza hukutana na mamia ya mistari ya Kiingereza na majina ya Java. Asiogope. Sheria tatu zatosha kumwongoza.

Kwanza, asome sehemu inayohusu jaribio la mwisho tu, akiangalia tarehe na saa. Makosa ya mwezi uliopita yasichanganywe na ya leo.

Pili, ndani ya sehemu hiyo alitafute kosa la kwanza kwa mpangilio wa wakati. Kosa moja huzaa mengine kumi, na yale ya mwisho, ambayo huonekana kwanza kwa mwenye haraka, aghalabu ni watoto na wajukuu wa lile la mwanzo.

Tatu, ndani ya kosa hilo moja, ashuke hadi mstari wa mwisho unaoanza kwa maneno "Caused by", yaani "limesababishwa na". Java hueleza kosa kutoka juu kwenda chini: kwanza matokeo, kisha sababu, kisha sababu ya sababu. Chanzo kiko chini kabisa.

Msomaji ataona kwamba sheria hizi hazitofautiani sana na zile tunazowafundisha wanafunzi wanaochunguza miswada: kutambua tabaka za matini, kutenganisha lililotangulia na lililofuata, na kutoamini mstari mmoja ulioondolewa katika muktadha wake.

Je, daftari likiwa halina mstari mpya hata mmoja? Hiyo nayo ni habari. Yaonyesha kwamba huenda seva ilikufa kabla ya kupata nafasi ya kuandika, au haikuruhusiwa kuandika. Katika hali hiyo amri catalina.sh run huiendesha seva mbele ya macho yetu, na yote inayoyasema huonekana katika skrini. Amri hiyo itolewe kwa jina la mtumiaji yuleyule anayeiendesha seva kila siku, kwa sababu tutakayoieleza katika sehemu ya 4.3.

4. Sababu zinazokutwa mara kwa mara

4.1 Poti imekwisha kukaliwa. Daftari huandika BindException na kueleza kwamba anwani inatumika tayari. Mara nyingi aliyeikalia ni Tomcat ileile, iliyodhaniwa kuwa imezimwa. Katika Linux amri ss -ltnp humtaja mkaaji. Katika Windows ni netstat -ano. Inafaa kujua tofauti moja: Tomcat ikikuta poti 8005, inayotumiwa kuizimia, imekaliwa, hujifunga yenyewe, lakini ikikuta 8080 imekaliwa, kwa kawaida hulalamika katika daftari na kubaki hai bila kumjibu mtu. Ndiyo sababu mchakato unaoonekana katika orodha si ushahidi kwamba seva inafanya kazi. Aidha, katika Linux poti zilizo chini ya 1024, kama 80 na 443, kwa kawaida hazifunguliwi na mtumiaji wa kawaida.

4.2 Toleo la Java. Seva isipoiona Java kabisa, hulalamikia thamani iitwayo JAVA_HOME. Ikikuta Java ya zamani mno, daftari huandika UnsupportedClassVersionError pamoja na nambari: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17. Kila toleo la Tomcat nalo lina kima chake: Tomcat 9 hutaka Java 8 au zaidi, Tomcat 10.1 hutaka Java 11 au zaidi, na Tomcat 11 hutaka Java 17 au zaidi.

Hapa kuna mtego unaostahili kutajwa peke yake. Kuanzia Tomcat 10 majina ya maktaba za ndani yalibadilishwa kutoka javax kuwa jakarta. DSpace 7, iliyotolewa mwaka 2021, iliandikwa kwa majina ya zamani na hutaka Tomcat 9. Msimamizi akiiweka katika Tomcat 10, seva itaanza vizuri, ila maktaba haitafunguka. Kuisimika upya mara kumi hakutasaidia, kwa sababu hakuna faili lililoharibika: ni matoleo mawili yasiyoelewana.

4.3 Ruhusa na nafasi katika diski. Mtu akiianzisha seva mara moja tu kwa jina la root, mafaili yatakayoandikwa wakati huo huwa mali ya root. Siku ya pili mtumiaji wa kawaida wa seva hawezi kuyaandika, na seva hukwama. Vilevile faili catalina.out hukua bila kikomo endapo hakuna aliyepanga kulikata. Diski ikijaa, seva na hifadhidata huweza kusimama pamoja. Amri df -h hujibu swali hilo kwa muda mfupi.

4.4 Kumbukumbu ya kompyuta. OutOfMemoryError huonyesha kwamba Java imekosa nafasi iliyopewa. Kuiongezea kwa kigezo -Xmx husaidia, mradi kompyuta inayo nafasi hiyo. Ikiwa haina, Linux yaweza kuiua seva ghafla. Aliyeuawa hivyo haandiki wosia: ushahidi hutafutwa katika daftari la mfumo wa Linux, si katika lile la Tomcat.

4.5 Usanidi. Alama moja iliyosahauliwa katika server.xml hutosha kuizuia seva. Amri catalina.sh configtest hukagua usanidi bila kuiendesha seva kikamilifu. Anayebadilisha faili la usanidi na aweke kwanza nakala ya lile la zamani.

4.6 Umeme. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta huzimika bila kuagana na mtu. Umeme ukirudi, huduma zote huanza kwa pamoja, na Tomcat yaweza kuitangulia hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo DSpace huitegemea. Programu hubisha hodi katika poti 5432, hukosa jibu, na hukata tamaa. Dawa yake ni kuianzisha Tomcat upya baada ya PostgreSQL kuwa tayari, kisha kuupanga utaratibu huo katika mfumo ili usitegemee bahati. Tena, Tomcat iliyozimika ghafla yaweza kuacha faili lenye nambari ya mchakato wake wa zamani. Nambari hiyo ikiwa imepewa mchakato mwingine, Tomcat hudhani kwamba inaendeshwa tayari na hukataa kuanza. Mwisho, saa ya kompyuta iliyorudi nyuma huweza kuvifanya vyeti vya usalama vionekane kuwa batili.

Tuongeze kwamba seva inayochelewa si seva iliyokufa. Tomcat huhitaji nambari za nasibu kwa ajili ya usalama, na katika baadhi ya kompyuta kuzipata huchukua dakika kadhaa. Daftari husema wazi muda uliotumika. Anayeiua seva katikati ya kungoja huko hujiletea kosa jipya.

5. Kwa nini kufuta ni hatari

Katika DSpace, maelezo ya kila kazi, kama vile jina la mwandishi, mada na mwaka, hukaa katika PostgreSQL. Lakini maandishi yenyewe, yaani mafaili ya tasnifu, kwa kawaida hukaa katika folda iitwayo assetstore, na folda hiyo, isipohamishwa, imo ndani ya folda kuu ya usimikaji. Anayefuta folda kuu ili "aanze upya" anafuta tasnifu zote. Hifadhidata itabaki na orodha nzuri ya vitabu visivyokuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote zaidi ya daftari, msimamizi afanye nakala tatu: hifadhidata kwa amri pg_dump, folda ya assetstore, na mafaili ya usanidi. Nakala hizo zikae katika diski nyingine. Tasnifu iliyoandikwa kutokana na masimulizi ya wazee, ambao pengine wamekwisha kufariki, haiwezi kukusanywa mara ya pili.

6. Hitimisho

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: kutambua ni kipi kati ya vile vinne ambacho hakikuanza; kusoma kosa la kwanza la jaribio la mwisho hadi chanzo chake; kuangalia poti, Java, ruhusa, diski, kumbukumbu na hifadhidata; kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kujaribu tena. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, hata akifaulu, hatajua ni lipi lililoponya.

Tungependa pia kila idara iwe na daftari la pili, linaloandikwa na watu na kwa Kiswahili: tarehe, kosa lililosomwa, sababu yake, na kilichofanywa. Mara nyingi ujuzi wa seva hukaa kichwani mwa mtu mmoja, naye akihama huondoka nao. Likiandikwa kwa lugha ambayo kila mfanyakazi wa idara huisoma, daftari hilo litamwezesha anayemfuata kuifungua maktaba bila kuanza kubahatisha upya.