Chuma cha Mji wa Kale Kilitoka Wapi?

Mtu apitaye Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa huona chuma kila upande: bawaba za milango ya nakshi, makomeo, makufuli na vyuma vya madirisha. Akifika Ngome ya Yesu, iliyojengwa baina ya mwaka 1593 na 1596, ataiona mizinga mizito. Upepo wa bahari hukila chuma hicho kwa kutu mwaka hata mwaka. Mwenye nyumba hununua rangi akapaka, wala hajiulizi chuma chenyewe kilianza wapi.

Mhunzi wa zamani angalijibu mara moja kwamba chuma hutoka ardhini. Na jawabu hilo lina ushahidi wa kale katika pwani yetu. Sharif al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kuwa watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Ardhi nayo ilikipata wapi?

Wataalamu wa elimu ya nyota wanatufundisha kuwa hapo mwanzo, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita (bilioni moja ni milioni elfu), hapakuwa na chuma hata chembe. Palikuwa na hewa mbili nyepesi: hidrojeni, kadiri ya robo tatu ya uzito wote, na heliamu, kadiri ya robo moja. Vitu vingine vilikuwa haba mno. Hapakuwa na kaboni ya kufanyia makaa, wala oksijeni ya kuvuta, wala chokaa ya kujengea nyumba.

Vitu hivyo vilipikwa katika nyota. Nyota ni tanuri. Ndani yake hidrojeni hushikamanishwa ikawa heliamu, na kazi hiyo ndiyo iletayo mwanga na joto. Nyota iliyo kubwa sana, yenye uzito wa Jua mara nane au zaidi, huendelea: heliamu huwa kaboni na oksijeni, na baadaye vitu vizito zaidi, mpaka kiini chake kinakuwa chuma. Hapo moto hukoma, kwa maana chuma ni kama majivu, hakiwezi kuwashwa tena kikatoa joto. Kiini huporomoka kufumba na kufumbua, na nyota hupasuka kwa kishindo kiitwacho supanova. Kadhalika nyota ndogo zilizokwisha kuzimika zaweza kupasuka, ikiwa zimeongezewa uzito na nyota jirani. Nazo hutoa chuma kingi sana. Mwaka 1957 Margaret Burbidge na mumewe Geoffrey, pamoja na William Fowler na Fred Hoyle, walieleza kwa urefu jinsi nyota zinavyofanya kazi hiyo.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yamejulikanaje, na hakuna mtu aliyefika huko? Jawabu ni kwamba kila kitu kina alama yake katika mwanga, kama vile kila mtu ana alama ya dole gumba lake. Mwanga wa nyota ukichanguliwa, alama hizo huonekana. Katika Jua letu, hidrojeni na heliamu ni zaidi ya sehemu 98 katika 100 za uzito, na kilichobaki ni vitu vizito vilivyoachwa na nyota za zamani. Mwaka 2014 wanajimu wa Australia walitangaza nyota ya kale sana ambayo chuma chake hakifiki hata sehemu moja katika milioni kumi ya kile cha Jua. Lakini Kilimia, ambacho wakulima wetu walikitazamia mvua, ni nyota changa za miaka milioni mia hivi, nazo zina chuma kama Jua. Zilizaliwa katika shamba lililokwisha kutiwa mbolea.

Lakini je, chuma hicho hubaki katika galaksi, yaani jamii ya nyota kama Njia Nyeupe yetu, au hutoka nje? Katikati ya makundi ya galaksi imetanda hewa yenye moto wa mamilioni ya digrii, itoayo eksirei. Swali lilikuwa hili: hewa hiyo ni ile ya mwanzo, au imepata kupita ndani ya nyota?

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia tena. Kaskazini ya Malindi, baharini katika Ghuba ya Ungwana, Wataliano waliweka jukwaa la San Marco la kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa hapo chombo cha Wamarekani cha kupima eksirei, kikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Tarehe 15 Oktoba 1974 kilifuata cha Waingereza, Ariel 5. Mwaka 1976 wataalamu wa Chuo Kikuu cha London walitangaza kwamba kwa chombo hicho wameona alama ya chuma katika hewa ya kundi la galaksi la Perseus, ambalo mwanga wake husafiri zaidi ya miaka milioni 200 kabla ya kutufikia. Basi hewa ile haikuwa ya mwanzo tu. Nyota zilikuwa zimepika, zikapasuka, na mavuno yao yakatoka hata nje ya galaksi.

Pwani iliyojulikana kwa chuma mwaka 1154 ndiyo iliyokirusha chombo kilichokiona chuma mbali namna ile.

Jua na dunia viliumbika miaka bilioni 4.6 iliyopita, katika wingu lililokwisha kurithi kazi ya vizazi vingi vya nyota. Karibu theluthi moja ya uzito wa dunia ni chuma. Hata katika damu na mwili wa mtu mzima mna gramu 3 au 4, uzito wa msumari mdogo, na pasipo chuma hicho damu haiwezi kuchukua pumzi.

Basi, msomaji, utakapokwangua kutu katika bawaba ya mlango wa babu yako, usikidharau chuma kile. Kina umri kuliko mlango, kuliko mji, na kuliko Jua linalokuchoma mgongoni.