Stesheni ya Lumbwa kwa mashine ya kukatia stika

Mashine ya kukatia stika si ngeni kwetu. Iko kwa yule anayeandika majina kwenye tuktuk, iko kwa dada wa kadi za harusi, na wapo wapambaji wanaoitumia kukata vibandiko vya kuchorea hina. Ni kisu chembamba kinachoongozwa na kompyuta, kikipita juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye mkeka wenye gundi. Kuna za Cricut, kuna za Silhouette, na zote hukaa juu ya meza ya kawaida ya nyumbani.

Ng'ambo wako walioipa kazi nyingine. Wanatengenezea reli za modeli, yaani treni, stesheni na madaraja yaliyopunguzwa yakaenea mezani. Leo nataka kueleza jinsi inavyofanyika, na kwa nini sisi tunaihitaji zaidi yao. Mtu wa huko akitaka stesheni ya Uingereza au ya Marekani, huenda dukani akainunua ndani ya boksi. Stesheni ndogo za reli yetu huzikuti kwenye maboksi hayo. Anayeitaka itabidi aikate mwenyewe.

Nachukua mfano wa bara, nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet. Huko si mbali nasi kama tunavyodhani. Mnada wa chai uko Mombasa tangu mwaka 1969, na chai ya huko hupita kwenye maghala yetu kabla ya kupanda meli. Mji wa Kericho wenyewe haukupata reli, wala Bomet. Reli ilipita kaskazini yao, ikiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Stesheni iliyokuwa mlango wa Kericho ni Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion. Kampuni kubwa zilipoanza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, njia hiyo ndiyo iliyowaunganisha na Kilindini.

Mau Summit ina kimo cha zaidi ya mita 2,500, na kutoka hapo hadi Ziwa Victoria reli hushuka zaidi ya mita 1,300 ikivuka bonde baada ya bonde. Yalihitajika madaraja 27 ya chuma, na kazi ikapewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Vyuma vilikatwa na kutobolewa huko kwao, vikaletwa kwa meli hadi Mombasa, vikapakiwa kwenye treni mpaka Mau, na kazi ya huku ikawa kuviunganisha. Mashine yetu ndogo inafanya vivyo hivyo. Inakata vipande vingi vinavyofanana kwa kipimo kimoja, kisha mkono unaunganisha. Ukiichora vizuri nguzo moja ya daraja, ya pili hadi ya ishirini ni kubonyeza kitufe tu.

Lakini kitufe hakitangulii kipimo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine haiijui stesheni ya Lumbwa. Inazijua namba utakazoipa, basi. Kwa hivyo kazi huanza kwa tepu ya kupimia, daftari na simu yenye kamera. Omba ruhusa kwa msimamizi wa stesheni, na usisimame juu ya reli, kwani njia ya Nakuru hadi Kisumu imekarabatiwa na treni hupita. Pima urefu wa ukuta, upana wa mlango, nafasi kati ya dirisha na dirisha. Pale usipofika kwa mkono, mathalan ncha ya paa, egemeza ukutani fito iliyotiwa alama kila nusu mita, upige picha kwa mbele. Baadaye picha hiyo itakupa vipimo vyote vingine. Kisha waulize wazee waliofanya kazi hapo rangi ilikuwa gani, na mizigo ilipimwa upande upi.

Kipimo kinachofaa kwa modeli ni 1 kwa 87. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, ambao kwa kipimo hicho ni milimita 11.5. Reli ya modeli ya milimita 12 huuzwa ng'ambo, na tofauti hiyo jicho haliioni. Mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23. Nguzo ya daraja ya mita 20 inakuwa sentimita 23.

Mchoro unaweza kuufanya kwa Inkscape, programu ya bure. Cricut husoma faili za SVG. Programu ya bure ya Silhouette husoma za DXF. Usichore ukuta mzima kuwa kipande kimoja. Uchore kwa tabaka: ukuta wenye matundu ya madirisha, fremu za madirisha nyuma yake, na mbao za pembeni mbele yake. Kila tabaka ni karatasi ya manila, na zikibandikwa pamoja kwa gundi nyeupe ya mbao hupata unene na nguvu. Unyevu wetu wa Pwani huivimbisha manila, kwa hivyo ipake vanishi pande zote mbili kabla ya rangi.

Usilazimishe kisu. Bandu bandu huisha gogo: punguza nguvu, ukipitishe mara mbili au tatu. Plastiki ya stairini ya milimita 0.25 hukatika kwa njia hiyo. Ya milimita 0.5 huchorwa tu, kisha ukaivunja kwa mkono kwenye mstari. Kwenye kona kisu huzunguka na kuacha mviringo, basi ipitishe mistari ya dirisha kidogo tu nje ya kona. Na paa la mabati? Weka kalamu ya biki iliyokwisha wino kwenye kishikio cha kalamu, ichore mistari kila milimita 0.9 juu ya alumini laini ya vibakuli vya chakula. Utapata matuta ya bati yenyewe.

Mashine hii ina mipaka yake. Kipande chembamba kuliko milimita 1 huchanika kinapobanduliwa kwenye mkeka. Injini kubwa kama ile Garratt ya Mount Gelai iliyoko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, pamoja na tangi lake la mviringo na magurudumu yake, si kazi ya kuanzia. Anza na jengo, au behewa la mizigo.

Au anza na kiwanda cha chai. Viwanda vya zamani vilikuwa na ghorofa ndefu ya kunyaushia majani, yenye safu ya madirisha yanayofanana, na hapo mashine inakuokolea siku nzima. Pembeni yake weka nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, kwani bila wachumaji hapana chai. Wala usiisahau ardhi yenyewe. Wakipsigis walipoteza ardhi yao kwa mashamba hayo, na watu wa ukoo wa Talai walihamishiwa Gwassi kwa nguvu mwaka 1934. Sisi wa Pwani, tunaoyajua machungu ya ardhi, hatuna sababu ya kutengeneza modeli ya kijani kibichi isiyo na watu wake. Karatasi moja ya maelezo chini ya meza inatosha.

Nasema haya kwa sababu wakati unakwenda. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Tangu 2017 treni ya abiria ya Nairobi huishia Miritini, na stesheni yetu ya mjini ikapoa. Wazee walioijua njia nzima, kutoka Kilindini hadi Kisumu, wanapungua mwaka hadi mwaka. Shule au madrasa yenye kompyuta moja na mashine moja inaweza kuwapa vijana jengo moja kila muhula. Wapime wenyewe, wachore wenyewe, na lile daftari la vipimo litunzwe kabatini pamoja na modeli. Modeli ikiliwa na unyevu, daftari litakata nyingine.