Swali lisilo na jina halina ubaya, jibu lisilo na jina si dawa

Ni saa nne usiku. Mtoto wako wa miaka miwili anachemka, zahanati ya mtaa imeshafungwa na mwenzako yuko kazini zamu ya usiku. Unachukua simu na kuandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: “Jamani majirani, mtoto ana homa kali, nimpe nini?”

Dakika mbili hazijapita, majibu yanamiminika. Wa kwanza anasema mpe paracetamol ya maji, kijiko kimoja kila baada ya saa mbili mpaka homa ishuke. Wa pili anasema hiyo ni malaria, kama kuna vidonge vya mseto vilivyobaki ndani mpe nusu. Wa tatu anasema msugue kitunguu saumu mwili mzima. Wa nne ameandika kwa herufi kubwa: mtoto akianza kustuka usimpeleke hospitali, degedege haipatani na sindano.

Sasa tazama ni kina nani hao. Wawili ni namba tupu ambazo hukuwahi kuzihifadhi. Mmoja ameweka picha ya ua na jina la utani. Huyo wa herufi kubwa hakuandika mwenyewe, amesambaza ujumbe uliotoka kundi jingine, ambako nako uliletwa kutoka kwingine. Huenda wote wana nia njema. Lakini kesho asubuhi mtoto akizidiwa, utamfuata nani?

Kwa nini daktari huweka sahihi

Karatasi ya dawa unayopewa na daktari huwa na jina la mgonjwa, umri wake, jina la dawa, kipimo chake, na chini kabisa jina na sahihi ya aliyeiandika. Wengi wetu huona huo ni urasimu. Sivyo. Jina lile ni njia ya kurudia. Mfamasia akiona kipimo kimezidi, anajua wa kumuuliza. Mtoto akitoka vipele baada ya dawa, wewe unajua pa kwenda, na aliyekuandikia hawezi kusema hakuwa yeye. Mtu anayejua kwamba ataulizwa hupima maneno yake kabla ya kuyatoa.

Mwenye sahihi ana jambo jingine ambalo msemaji wa kwenye simu hana: amemwona mtoto. Amempima uzito na joto, amehesabu pumzi zake, ametazama kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa. Asiye na jina hajaona kitu. Akikosea, anafuta ujumbe wake au anatoka kwenye kundi, na wewe unabaki na mtoto mikononi.

Kijiko kimoja, chupa mbili

Tuchukue ushauri wa kwanza, ule unaoonekana hauna madhara. Kipimo cha paracetamol kwa mtoto hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja.

Zipo chupa zenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na zipo zenye miligramu 250 katika mililita 5 zilezile. Kijiko cha mililita 5 kutoka chupa ya kwanza kinamtosha mtoto huyu. Kijiko hichohicho kutoka chupa ya pili kimeshavuka kipimo chake. Aliyekushauri hakuuliza chupa yako imeandikwaje, wala mtoto ana kilo ngapi. Tena vijiko vya chai vya majumbani havilingani, ndiyo maana unapaswa kutumia kipimo kinachokuja na dawa yenyewe.

Ukirudia kila baada ya saa mbili usiku kucha, unaweza kumuumiza ini. Ubaya wa paracetamol iliyozidi ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima, kumbe ini limeshaanza kuharibika. Isitoshe, baadhi ya dawa za mafua nazo zina paracetamol ndani. Mzazi akitoa zote mbili, amempa mtoto dozi mara mbili bila kujua.

Ushauri wa pili una hatari yake. Si kila homa ni malaria. Nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo na ya masikio nayo huleta homa, na mseto hauyatibu. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Hata ikiwa ni malaria kweli, dozi ya mseto hutolewa kwa siku 3 kulingana na uzito, na nusu ya masalio ya dada yake haimalizi vimelea.

Ule ujumbe wa herufi kubwa

Imani kwamba degedege huletwa na shetani, na kwamba sindano humuua mtoto, ni ya zamani. Hakuna sababu ya kuwacheka wazee walioirithi. Ni rahisi kuona ilivyoota mizizi: mtoto hufikishwa hospitali akiwa ameshachelewa, anachomwa sindano, anafariki, na lawama zote zinabaki kwenye sindano.

Kitaalamu, degedege inaweza kuletwa na homa kali peke yake, lakini inaweza pia kuwa dalili ya malaria iliyofika kwenye ubongo au ya homa ya uti wa mgongo. Hizo mbili huua haraka zisipotibiwa. Mtoto akitukutika, mlaze chini kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe chochote cha kumeza, na mpeleke kituo cha afya. Ikizidi dakika 5, usisubiri iishe ndipo muondoke.

Zamani bibi aliyekukataza sindano ulimjua, na shangazi aliyebishana naye ulimjua. Mlikuwa mnabishana uso kwa uso, na mara nyingine shangazi alishinda. Leo ujumbe unafika bila bibi na bila shangazi. Hakuna wa kubishana naye.

Madhara ya maneno ya namna hii yameshaonekana. Mwaka 2014, Ebola ilipoingia Nigeria, ujumbe ulisambaa kwenye simu ukiwataka watu waoge na kunywa maji ya chumvi ili wajikinge. Agosti mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari na kutaja taarifa za vyombo vya habari vya huko kwamba watu wawili walikufa kwa kunywa maji hayo. Chumvi haizuii Ebola, na ikizidi mwilini ni sumu. Wengi walioutuma waliwatumia watu wanaowapenda.

Pale ambapo kuficha jina kunasaidia

Usinielewe kwamba kila anayeficha jina ana ubaya. Yupo kijana anayetokwa usaha sehemu za siri na hawezi kumwambia baba. Yupo binti ambaye siku zake zimepita. Yupo mama aliyejifungua mwezi uliopita, analia kila jioni na anaogopa kusema kwamba hamfurahii mtoto wake. Hao wakiandika “admini, naomba ufiche jina langu”, wanafanya jambo la busara. Bila pazia hilo wangenyamaza, na ukimya nao huua.

Huduma za afya zinalijua hilo siku nyingi. Katika vituo vingi vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa Virusi vya Ukimwi (VVU), mteja alipewa namba badala ya kuulizwa jina. Lakini angalia jambo moja: mshauri aliyekaa mbele yake hakuwa namba. Alikuwa na sura, alikuwa na mafunzo, na wiki ijayo ungemkuta palepale. Muulizaji alifichwa, mjibuji alijulikana. Huo ndio mpangilio ulio salama. Kwenye makundi yetu ya mtaa mara nyingi tumeugeuza: anayeuliza anajulikana hadi mlango wa nyumba yake, anayejibu hajulikani.

Ukiamua kuficha jina, lifiche kweli. Ukiandika “mtoto wangu wa miaka miwili, tunakaa nyuma ya mashine ya kusaga”, mtaa mzima umeshakujua. Picha ya vipele vya mtoto usiitume kwenye kundi. Ukishaituma huwezi kuirudisha, na mtoto hakuulizwa.

Mgonjwa ana jina, msemaji hana

Kuna jambo baya kuliko ushauri mbovu. Ni pale asiye na jina anapomtaja mwenye jina. “Jihadharini na yule wa nyumba ya kona, anakohoa miezi sasa, nimemwona kliniki ya vidonge.” Ujumbe wa mstari mmoja, na kesho yake hakuna anayenunua maandazi kwake.

Fikiria kinachofuata. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na mgonjwa akimeza dawa ipasavyo, ndani ya wiki chache uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana. Huyo aliyetajwa alikuwa anapona. Sasa anaona aibu kurudi kliniki, anaacha dawa katikati, na vimelea vinaweza kujenga usugu. Aliyedhani anaulinda mtaa ameuweka hatarini. Kwa VVU ni hivyohivyo: anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Anayefukuzwa kliniki kwa maneno hafiki huko.

Sheria nazo zinamlinda mgonjwa. Sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 inataka siri ya mgonjwa itunzwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini kabla ya sheria kuna utu. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiusambaze. Ukiweza, andika pale pale, kwa jina lako: “Ugonjwa wa mtu si habari ya kundi. Tafadhali ufute.” Mara nyingi mmoja akisema hivyo, wengine hupata ujasiri.

Ukishika simu usiku

Kwanza, mtazame mtoto kabla ya kutazama simu. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au asipoamka vizuri, akihema haraka au kifua kikibonyea ndani, usiulize kundi lolote. Nenda kituo cha afya au hospitali usiku huohuo. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye aende bila kusubiri kuche.

Pili, ukihitaji ushauri, tafuta mwenye jina. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Hifadhi namba ya kituo unachopeleka mtoto kliniki na ya mfamasia wa duka la dawa lililosajiliwa.

Tatu, mtu akikupa ushauri wa dawa, muulize mambo matatu: wewe ni nani, umesomea nini, na hili umelitoa wapi? Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Yeye mwenyewe atakuuliza uzito wa mtoto kwanza.

Nne, ukijua jibu na unataka kumsaidia jirani, weka jina lako. Ukiona huwezi kuliweka jina lako chini ya ushauri huo, basi usiutume.

Kundi la mtaa lina kazi yake, na ni kubwa. Usiku ule wa homa, mtu mmoja angeandika: “Mimi ni baba wa nyumba ya geti jekundu, nina bajaji, natoka sasa hivi niwapeleke hospitali.” Huyo hakutaja dawa yoyote, na ndiye jirani aliyemsaidia mtoto kuliko wote.