MERIKEBU ISIYOPATA KURUKA

Ukilisoma jina la Bibi Uhura, mpenzi msomaji, utadhani mpiga chapa wetu amekosea herufi moja. La, hakukosea. Bibi huyo ni mtu wa hadithi, afisa wa mawasiliano katika merikebu ya angani, na jina lake limetoka katika neno letu “uhuru”. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols wa Marekani, alisimulia ya kuwa siku alipokwenda kujaribiwa kazi hiyo alikuwa na kitabu chenye jina hilo mkononi. Mtungaji wa hadithi, Gene Roddenberry, akalipenda neno, nalo likabadilishwa kidogo lipate kufaa kuwa jina la mwanamke. Mchezo wenyewe huitwa Star Trek, nao ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966.

Lakini leo twataka kusema habari za chombo alichosafiria, yaani Enterprise. Chombo hicho hakikupata kuruka hata shubiri moja. Hata hivyo wako watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao hukesha wakibishana juu ya vipimo vyake. Je, ni wazimu? Tusikie kwanza.

Mbao, plastiki na bati

Aliyebuni umbo lake ni Matt Jefferies, mtu aliyezijua ndege vizuri, kwani yeye mwenyewe alikuwa rubani. Mbele aliweka sahani kubwa, chini yake mwili kama pipa refu, na nyuma injini mbili zilizoinuliwa juu. Ganda la nje aliliacha laini. Aliona kwamba fundi mwenye busara ataiweka mitambo ndani, mtu asije akalazimika kutoka nje angani kuitengeneza.

Mafundi walitengeneza sanamu mbili. Ndogo ina urefu wa inchi 33. Kubwa ina futi 11 na inchi 2, nayo ina uzito wa ratili 200 hivi. Imefanywa kwa mbao, plastiki na bati.

Sasa liko jambo la kuchekesha. Waya za umeme za kuwashia taa ziliingilia upande wa kushoto, na kwa hiyo upande ule haukumalizwa. Watazamaji waliona upande wa kulia tu. Ikitakiwa merikebu ionekane ikielekea upande wa pili, mafundi walibandika namba zilizoandikwa kinyume, wakapiga picha, kisha wakaigeuza filamu. Nani angejua?

Ujenzi usio na misumari

Mwaka 1993 mchezo mwingine wa televisheni, Babylon 5, uliwaonyesha watu merikebu za angani zilizochorwa kwa kompyuta. Baadaye ufundi huo ukaingia majumbani. Mwaka 2002 programu moja ya Uholanzi, iitwayo Blender, ilifunguliwa itumiwe na kila mtu bure, baada ya watu kuchanga euro 100,000. Tangu hapo, mwenye kompyuta na subira aweza kujijengea merikebu yake.

Hujengwaje? Fundi huweka nukta nyingi, na kila nukta ina vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Nukta huziunga kwa mistari. Mistari hufanya vipande vidogo kama vigae. Vigae hufanya ganda zima. Kisha hulitia rangi na taa. Akimaliza aweza kuigeuza merikebu yake pande zote, hata ule upande wa kushoto usioonyeshwa zamani.

Hapo huwaita wenzake waione, na ubishi huanza. Mmoja husema injini zimenenepa. Wa pili huuliza juu ya rangi: ni kijivu kitupu, au kijivu chenye ukijani? Wa tatu hutaja chombo kidogo kiitwacho Galileo. Katika hadithi watu husimama wima ndani yake, bali chombo kile kile kilichojengwa kwa kupigwa picha za nje ni kifupi mno. Basi mjenzi afanye nini? Awainamishe wasafiri, au ainue paa? Mchora karatasi aweza kulificha kosa katika kivuli. Kompyuta haina huruma hiyo. Kila kigae chataka kipimo chake.

Picha za sandukuni

Je, ubishi huu una faida yo yote? Twaona unayo.

Mwaka 1974 sanamu kubwa ilipewa makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipakwa rangi upya, na mistari yake ikatiwa giza. Wapenzi wake wengi wakanung’unika: “Hii siyo merikebu tuliyoiona!” Kwa bahati njema, juu ya sahani rangi ya kwanza ilikuwa haijaguswa. Mwaka 2015 mabingwa wa makumbusho wakawaomba watu wote: mwenye picha ya sanamu hii iliyopigwa kabla ya 1976 na ailete. Picha zikaletwa. Mabingwa wakazilinganisha, wakaichungua sanamu kwa eksirei, na mwaka 2016 wakairudisha mbele ya watu ikiwa na sura yake ya mwaka 1967.

Na ile ndogo? Katika miaka ya 1970 Roddenberry aliwaazima watengenezaji wa sinema, nayo haikurudi. Alifariki mwaka 1991 bila kuiona tena. Ndipo mwaka 2023 ikatokea sanamu moja mnadani, bei ya kuanzia dola 1,000. Wapenzi wa merikebu hizo waliishuku upesi, wakapiga kelele, na mnada ukasimamishwa. Wajuzi wakaichungua, wakathibitisha kuwa ndiyo. Mwezi wa Aprili 2024 mwana wa Roddenberry alirudishiwa mali ya baba yake. Waliopima picha za zamani kwa miaka mingi ndio waliokuwa na macho ya kuitambua.

Basi tusiwacheke upesi. Atakaye kweli katika jambo dogo huizoeza akili yake kuitaka katika jambo kubwa, mradi tu ubishi usigeuke matusi.

Nawe, msomaji, huenda unayo nyumbani picha ya zamani: ya babu, ya shule ilipojengwa, ya fundi na kazi yake. Usiitupe kwa kuwa imechakaa. Geuza nyuma, andika kwa kalamu ya risasi majina ya watu, mahali na mwaka, kabla wanaojua hawajaondoka. Siku moja yuko atakayeitafuta.