Binti wa Kiislamu na kazi ya umakanika: Sheria inasemaje?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola Mlezi wa viumbe wote, Aliyewagawia waja Wake riziki na vipaji vya kuitafutia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja wa rika langu alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Binti yake amemaliza kidato cha nne na amemwambia kwamba anataka kujiunga na chuo cha ufundi stadi kusomea ufundi wa magari. Mzee alikuwa amejiandaa kwa ushonaji, upishi au hata ukatibu muhtasi, lakini si hilo. Akaniuliza: "Sheikh, nimkatalie kwa dalili gani?"

Naomba msomaji alitazame vizuri swali hilo. Mzee hakuuliza kama inafaa au haifai. Hukumu alikuwa ameshaitoa mwenyewe nyumbani, na kwangu alikuja kutafuta aya ya kuifunika. Nami nakiri kwamba nilikaribia sana kumpa. Nilimwomba muda wa wiki moja kwa sababu swali kama lile lilinifikia mwaka 2006, nami nikalijibu papo hapo, nimesimama, huku natafuta makubazi yangu kwenye lundo la viatu. Nilisema: "Mwambie aache, hiyo ni kazi ya wanaume." Baba yule alishukuru, binti akaacha. Baadaye aliolewa, mumewe akafariki na kumwachia watoto watatu, na hadi leo anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Vitumbua ni chumo la halali lenye baraka, na simdharau anayekula kwa jasho lake. Lakini yeye alitaka spana, na aliyemnyang'anya ni mimi, kwa neno moja ambalo sikulifanyia utafiti hata wa dakika tano.

Safari hii nilirudi vitabuni. Kanuni wanayoitegemea wanazuoni wengi katika mambo ya maisha na kutafuta riziki ni kwamba asili yake ni uhalali, mpaka ije dalili ya kukataza. Anayesema jambo ni haramu ndiye anayedaiwa dalili, anayelifanya hadaiwi. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake nao wana fungu katika walichokichuma. Sikuona aya wala hadithi sahihi iliyotenga ufundi wa chuma au wa chombo cha usafiri ukawa wa jinsia moja.

Nilichokiona ni kisa cha Bibi Asmaa binti Abubakar (RA), kilichomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kisa ambacho tumekisoma madrasa tangu utotoni bila kukitazama kwa jicho hili. Asmaa aliolewa na Zubayr bin Awwam (RA) naye Zubayr hakuwa na mali ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Anasimulia mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimlisha farasi na kumhudumia, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi inapopasuka, na akikanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, basi majirani zake wa Kianswari wakimwokea. Aidha alikuwa akibeba kichwani kokwa za tende kutoka katika shamba la Zubayr lililokuwa umbali wa theluthi mbili za farsakh, yaani kiasi cha kilomita tatu na nusu hivi kwa hesabu ya leo.

Farasi ndiye aliyekuwa chombo cha safari na cha vita katika zama zile, na aliyekuwa akimweka sawa ni binti wa Abubakar Swiddiq, dada yake Mama wa Waumini Aisha. Siku moja Mtume (SAW) alikutana naye njiani, akiwa na mzigo wake kichwani, akampigia ngamia magoti ili ampakie nyuma yake. Asmaa aliona haya kufuatana na wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe, na Mtume (SAW) alipotambua haya yake alimwacha na kuendelea na safari. Mtume hakumkemea kwa kuwa njiani wala hakumwambia arudi nyumbani.

Uadilifu unanilazimisha kusema na mwisho wa kisa. Abubakar alikuja kumpelekea bintiye mtumishi wa kumhudumia farasi, na Asmaa anasema ilikuwa kana kwamba ameachwa huru. Kwa hiyo asije mtu akakisoma kisa hiki kuwa ni amri ya kuwatwisha wanawake kazi ngumu. Aliichoka, na alipopata wa kumpokea alifurahi. Kinachothibiti hapa ni kwamba kazi ile, pamoja na uzito na vumbi lake, haikumtia doa katika dini yake wala katika heshima yake.

Kuhusu uchafu, kwa maana wapo wanaosema mikono ya mwanamke haikuumbiwa oili, nawakumbusha Mama wa Waumini Zaynab binti Jahsh (RA). Vitabu vya sira vinamtaja kuwa alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na pato lake akilitoa sadaka. Aliyewahi kupita karibu na mahali panapolainishwa ngozi mbichi anaijua harufu yake. Grisi ni marashi ukiilinganisha.

Katika Sahihi ya Muslim imo pia habari ya mama yake mdogo Jabir bin Abdillah (RA), aliyepewa talaka akawa katika eda. Alitaka kwenda kuvuna tende zake, mwanamume mmoja akamkataza kutoka. Alikwenda kumshitakia Mtume (SAW) naye akamruhusu akavune, kwa kuwa huenda akatoa sadaka au kutenda wema kwa pato hilo. Yule mwanamume aliyekataza hatajwi jina. Niliposoma hapo nilijiona mimi wa mwaka 2006.

Baada ya vitabu nilikwenda gereji. Nilichagua moja maeneo ya Ilala ambako niliambiwa kuna fundi mwanamke, mama wa makamo aliyeanza kwa kushika tochi na kuwapa mafundi spana kabla ya kusomea. Nilimkuta amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele la gari dogo, anabadilisha pedi za breki. Alikuwa amevaa ovaroli pana ya bluu, mtandio umefungwa kichwani na ncha zake zote zimechomekwa ndani ya kola. Nilimuuliza kuhusu huko kuchomeka. Akanijibu: "Sheikh wangu, mtandio ukining'inia ukashikwa na mkanda wa feni injini ikiwa inawaka, utaondoka na shingo."

Wapo wanaotoa hoja ya hadithi ya Ibn Abbas (RA), aliyoipokea Bukhari, kuhusu laana kwa wanawake wanaojifananisha na wanaume. Hadithi ni sahihi na onyo lake ni zito. Lakini wanazuoni wamefafanua kuwa makusudio ni mavazi na mienendo ambayo kwa ada ya watu wa mahali ni ya wanaume peke yao. Ovaroli ni vazi la kazi, linalovaliwa viwandani na katika karakana na watu wa jinsia zote, na likiwa pana lisilobana linasitiri kuliko mavazi mengi tunayoyaona harusini kwetu, ambayo hakuna aliyenisubiri mlangoni mwa msikiti kuniulizia.

Fundi huyo aliniambia mambo ambayo sikuyakuta kitabuni. Uzito, alisema, haumsumbui sana. Injini inanyanyuliwa kwa mnyororo, gari kwa jeki, na mwanamume pia akitumia kifua badala ya jeki atavunjika mgongo. Magari mengi yanayoletwa siku hizi yana kompyuta inayoongoza injini, na fundi huanza kwa kuchomeka kifaa chini ya usukani kinachomsomea hitilafu iko wapi. Kinachomsumbua ni wateja wanaopita mbele yake wakimuuliza fundi yuko wapi. Pia hapana chumba cha kubadilishia nguo. Na kuna matusi. Ameweka sharti lake mwenyewe, kwamba gari likihitaji kujaribiwa barabarani hatoki peke yake na mteja mwanamume. Humchukua kijana wa gereji au huliendesha peke yake. Hakuna sheikh aliyemfundisha hilo. Nilimuuliza kuhusu sala, akanionyesha mkeka nyuma ya lundo la matairi na kopo la sabuni ya unga.

Hapa pana mas'ala ya fikihi yanayowahusu mafundi wote. Imam Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu), katika kitabu chake cha Al-Majmu', ameeleza kuwa kitu chenye mwili, kama nta au unga uliokandwa, kikizuia maji kufika kwenye ngozi, udhu hausihi mpaka kiondolewe. Ama ikibaki rangi tu, au mafuta mepesi ambayo maji yanapita juu ya ngozi na kuigusa ingawa hayatuami, udhu unasihi. Basi grisi nzito iondolewe kwanza kwa sabuni, na ule weusi unaobaki kwenye mistari ya viganja hauna madhara. Nayasema haya kwa vijana wa kiume hasa, maana wengi wao wamefanya grisi kuwa udhuru wa kuacha adhuhuri na alasiri kwa miaka.

Sasa nije kwenye hoja kubwa ya wapinzani, ambayo ni ya stara na faragha. Wanasema gerejini amejaa wanaume, na binti atakaa kati yao. Hoja hii si ya kubezwa. Faragha ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu imekatazwa kwa hadithi sahihi, na mchanganyiko usio na adabu umeharibu nyumba nyingi. Lakini tuifuate mpaka mwisho wake, tusiishie katikati. Dada zetu na wake zetu leo wanaendesha magari. Gari likiharibika jioni, mwanamke huyo anasimama peke yake katikati ya wanaume kumi asiowajua, anaelekezwa kwa lugha asiyoielewa, na mara nyingine fundi anakaa kiti cha pembeni yake ili wasikilize mlio pamoja. Je, stara yake iko wapi? Tumekubaliana kwamba mwanamke azalishwe na mwanamke inapowezekana, na tumesomesha wakunga kwa hoja hiyo hiyo. Imam Ghazali katika Ihyau Ulumid-Din amezihesabu kazi za mikono ambazo jamii haiwezi kuishi bila ya hizo, kama kilimo, ufumaji na ushonaji, kuwa ni faradhi ya kutoshelezana: wakikosekana kabisa wa kuzifanya, wote wanapata dhambi. Anayetanguliza stara ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kumnunulia binti spana. Saudi Arabia iliporuhusu wanawake kuendesha magari, kuanzia tarehe 24 Juni 2018, haikuchukua miaka mingi kabla ya wanawake kuonekana wakifanya kazi ya ufundi katika gereji za Jeddah.

Tena yapo matusi na tabia mbaya za gerejini. Kwa nini hukumu yake tumpelekee binti asiyetukana, tumwache anayetukana? Na lipo lililo zito zaidi. Kwa zaidi ya miaka ishirini ya kuulizwa maswali, wazazi wengi wamenijia kuhusu binti na gereji, lakini hakuna baba hata mmoja aliyenijia kuuliza kama mwanawe wa kiume atafundishwa huko kutoa kifaa kizima kwenye gari la mteja na kurudisha kibovu, au kutoza bei ya spea mpya kwa iliyotumika. Mtume (SAW) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkana mwenye kughushi. Hadithi hiyo iko kwa Muslim. Haramu ya gereji ambayo haina khitilafu ya wanazuoni ni hiyo, na tumeizoea.

Ijumaa iliyofuata mzee alirudi. Nilimwambia kuwa dalili ya kukataa sikuipata. Nilimtajia masharti: nguo pana inayositiri, pasiwe na faragha, sala kwa wakati wake, na ukweli katika kazi. Aidha aende mwenyewe akaione karakana ya chuo na amfahamu mwalimu, na wakati wa mafunzo ya vitendo asiache binti apangiwe gereji yoyote tu. Aichague kama anavyochagua nyumba ya kumwoza. Wallahu a'lam.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wachumba, Sheikh? Nani atakuja kuposa makanika?" Nilimjibu kwamba sijui, wala sikujua pia nilipomwoza binti yangu mwalimu. Hakucheka. Alisema bado moyo wake haujatulia, na akaniomba nifuatane naye chuoni. Tunakwenda Jumatatu.

Kabla ya hapo nilipita kwa yule mama wa vitumbua. Nilimweleza kilichonipeleka, nikamwomba radhi kwa jibu langu la mwaka 2006. Aliendelea kugeuza vitumbua vyake kwa muda, kisha akaniuliza kama vyuo hivyo vinapokea mtu wa umri wake, hata kwa kozi fupi ya jioni. Nimemwahidi kuliuliza hilo Jumatatu hiyo hiyo.