Chuo cha udaktari huchaguliwa kwa wodi, si kwa jina

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, vijana waliojizolea alama za juu huulizwa na waandishi wa habari wanataka kuwa nani, na wengi wao hujibu kwa neno moja: daktari. Ni jibu la heri. Hata hivyo, shangwe zikishatulia, huja swali la pili ambalo halipigwi picha: udaktari wenyewe utasomewa wapi? Hapo ndipo mwalimu hufuatwa ofisini na mzazi mwenye barua mkononi, na hapo ndipo wengi wetu hutoa nasaha kwa kutazama jina la chuo tu.

Kuna wakati swali hilo halikuwapo. Kabla ya mwaka wa 1967 Kenya haikuwa na kitivo cha kufunzia madaktari. Waliotaka taaluma hiyo walivuka mpaka hadi Makerere, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka wa 1924, au walikwenda ng'ambo. Nairobi ilipofungua kitivo chake mwaka huo wa 1967, ilibaki peke yake kwa zaidi ya miaka 20, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret mnamo 1990. Leo orodha imerefuka. Kenyatta, Maseno, Egerton na Jomo Kenyatta vyote vinafunza udaktari, na vyuo vya kibinafsi navyo vimo mbioni. KUCCPS humpa mtahiniwa nafasi moja tu, lakini mtahiniwa yuyo huyo aweza kuwa na barua nyingine kutoka chuo cha kibinafsi, cha Uganda au cha bara jingine. Wingi huu ni neema. Ni mtihani pia.

Si muda mrefu uliopita binti mmoja wa jamaa yangu aliniletea barua mbili. Moja ilikuwa ya nafasi ya serikali katika chuo kilicho mbali na kwao. Ya pili ilitoka ng'ambo, ikiandamana na kijitabu chenye picha za maabara zinazong'aa. Baba yake aliishikilia ya ng'ambo, naye mama yake alishika kalamu akipiga hesabu. Walinijia mimi maadam huitwa daktari. Niliwakumbusha kwamba udaktari wangu ni wa sauti na maneno, na kwamba hata kijijini kwetu wazee wameshaacha kunionyesha magoti yao. Lakini taaluma yangu ilinipa swali moja la kumwachia binti yule: mgonjwa utakayejifunzia kwake atasema nawe kwa lugha gani, na utaanza kumsikiliza mwaka wa ngapi?

Huenda msomaji akaona kwamba mwanaisimu anavutia ngozi kwake. Na tuutazame ushahidi. Kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba utambuzi wa ugonjwa huanza na maelezo ya mgonjwa kabla ya kipimo chochote. Maelezo hayo ni lugha. Sasa chukua neno 'mkono'. Kwa Kiswahili mkono huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, ilhali Kiingereza cha vitabuni kina neno moja la kiganja na jingine la sehemu iliyobaki. 'Mguu' vivyo hivyo. Mama asemapo mtoto wake ameumia mkono, daktari bado hajaambiwa pa kushika. Chukua 'homa'. Kamusi itakuambia ni joto la mwili kupanda, lakini Wakenya wengi wasemapo wana homa huwa na maana ya mafua. Mtu akisema moyo wamchafuka, anayeumwa si moyo, anataka kutapika. Na 'mshipa' aweza kuwa wa damu, au ukawa ugonjwa ambao mzee ameona haya kuutaja waziwazi mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake.

Halafu kuna saa zetu. Dawa ya kumezwa saa mbili asubuhi, saa ya Kiingereza ikionyesha nane, ikitafsiriwa ovyo itakuwa dawa ya saa nane, na mgonjwa ataimeza mchana. Makosa ya namna hii hayatokani na upungufu wa sayansi. Hutokana na daktari kujifunza ugonjwa mbali na mdomo wa mgonjwa. Yamkini hata wanaopanga masharti ya kujiunga na kozi hii wanalitambua jambo hili, maana pamoja na biolojia, kemia na hisabati au fizikia, wao huhesabu pia Kiingereza au Kiswahili.

Kwa hiyo, tunapolinganisha vyuo, tulinganishe njia ya kumfikia mgonjwa. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Nairobi alianza na sayansi za msingi pale Chiromo, kisha akahamia wodi za Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambako hufikishwa wagonjwa wa kila pembe ya nchi na magonjwa yaliyowashinda wengine. Huo ni utajiri usio na kifani. Moi nayo, tangu ilipoanza, ilichagua njia tofauti: mwanafunzi hujifunza kwa kutatua matatizo, na tangu mwaka wa kwanza hutumwa vijijini na katika vituo vya afya, akaone maji ambayo watu wanakunywa na asikie wanavyoyaita maradhi yao. Siseme ipi ni bora. Nasema kijana ajue tofauti hii kabla ya kuchagua, naye ajijue.

Mpaka nao usitutishe. Makerere bado ipo, na Muhimbili kule Dar es Salaam, iliyoanza kufunza madaktari mwaka wa 1963, ina jambo ambalo Mkenya hapaswi kulidharau: wodi zake huzungumza Kiswahili kutwa kucha. Shahada huko ni ya miaka 5, ilhali hapa kwetu ni 6.

Kwenda mbali zaidi si kosa. Madaktari wengi hodari walisoma ng'ambo. Lakini mafunzo yaweza kutolewa kwa Kiingereza darasani, na wagonjwa wodini wakawa wanazungumza Kichina au Kirusi. Je, mwanafunzi ataijua lugha hiyo vya kutosha kumhoji mzee anayeumwa kifua? Tena yapo ya dunia yasiyotabirika. Mwaka wa 2020 China ilipofunga mipaka yake kwa sababu ya korona, wanafunzi wa kigeni waliokuwa nje hawakuweza kurudi, na wengi walisomea udaktari kwenye kompyuta hadi mwaka wa 2022. Mwaka huo huo vita vya Ukraine viliwatimua wengine, Wakenya wakiwamo. Kitabu husomeka popote. Wodi haisomeki kwa mbali.

Kabla ya yote hayo, aulize iwapo chuo kinatambuliwa na KMPDC, baraza linalosimamia taaluma hii nchini. Anayesomea nje ya Afrika Mashariki ajue kwamba akirejea atafanya mtihani wa baraza hilo kabla ya kukubaliwa kuanza mwaka wa uanagenzi hospitalini. Tumewaona wazazi wakiuza shamba kwa ajili ya karo bila hata kupiga simu moja ya kuuliza.

Na hesabu ya fedha isiishie kwenye shahada. Miaka 6 ya masomo na mmoja wa uanagenzi ni 7, na huo wa saba una misukosuko yake. Mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kimojawapo kilikuwa wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Ni Desemba mwaka huo ndipo ilipokubali kuurejelea mkataba. Familia iliyokopa ikitumaini mshahara wa mapema yapaswa kuyajua haya. Mzigo wa deni humfanya daktari kijana amwangalie mgonjwa huku akiwaza soko.

Binti yule alifanya jambo la busara. Aliviandikia vyuo vyote viwili swali lile. Chuo kimoja kilimtajia hospitali, mwaka na lugha ambazo angezikuta wodini. Kingine kilimtumia picha zaidi za maabara, pamoja na tarehe ya mwisho ya kulipa karo. Alikwenda kwa waliomjibu, na baba yake, baada ya kununa wiki nzima, ndiye aliyembebea sanduku hadi kituo cha basi.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikujia na barua zake, usimwambie tu chuo fulani kina jina. Jina huvaliwa siku ya mahafali. Mwulize wagonjwa wa chuo hicho wako wapi, atakutana nao lini, wataelewana vipi, na nani atalipa hadi mwisho. Nawe mwanafunzi, usikione Kiswahili na lugha ya nyanya yako kuwa masomo ya kupitia tu njiani kuelekea biolojia. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli, lakini wapo wengi wasioficha kitu, waliosema yote kwa lugha waliyojaliwa, kikakosekana kilio ila cha waliobaki, kwa kuwa aliyekuwa mbele yao hakujifunza kusikiliza.